Kima cha Mbwa: Mbwa Aliyeuawa Kibirizi, Je, Hulipwa?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Ndugu msomaji, somo letu la leo laweza kuonekana dogo, maana ni habari ya mbwa. Lakini wengi katika sisi watu wa Pwani tumeshika neno moja tu katika habari zake, kwamba mbwa ni najisi, kisha tukadhani kuwa neno hilo limemaliza hukumu zote. Sivyo. Najisi yake ni mlango mmoja, na haki ya mwenye kumweka ni mlango mwingine; na mwenye kuichanganya milango hii miwili huenda akamdhulumu nduguye naye ajiona ameitetea dini.

SWALI

Kibirizi ni bandari ya wavuvi katika ufuko wa Ziwa Tanganyika, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Hapo hutua mitumbwi ya dagaa asubuhi, na hapo huondoka maboti yaendayo Gombe na vijiji vya kando ya ziwa. Watu wa Pwani hawakuanza jana kufika upande ule. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika mpaka Ujiji, na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 njia ya biashara baina ya ziwa na Pwani ikawa nyepesi zaidi. Dagaa wa huko huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, kisha huanikwa juani. Na mwenye kuanika hana budi awe na mlinzi, kwani wevi ni wengi, wa miguu miwili na wa mabawa.

Swali lenyewe ni hili. Mtu mmoja wa hapo alikuwa na mbwa aliyelinda dagaa wake usiku. Alimnunua mdogo kwa shilingi 50,000, akamlisha miaka minne, na watoto wake wakampenda. Alfajiri moja jirani yake alikuwa akipita kwenda kwenye uanikaji wake mwenyewe. Yule mbwa akamjia akibweka. Jirani akampiga kwa kafi, akafa. Kisha akamtupa ziwani pamoja na mnyororo uliokuwa shingoni mwake. Mwenye mbwa akadai shilingi 300,000: 50,000 za kumnunulia, 150,000 za chakula cha miaka minne, na 100,000 kwa huzuni ya watoto wake. Jirani akacheka, akasema, "Mbwa ni najisi, hana thamani. Sidaiwi hata senti moja." Tangu siku ile hawapeani salamu, na mmoja wao ameuhama msikiti wa mtaani ili asisimame safu moja na mwenziwe.

Je, ni nani mwenye haki katika hawa wawili?

TOFAUTI YA BEI NA KIMA

Kwanza yafaa tujue maneno mawili. Bei ni yale mapatano ya muuzaji na mnunuzi. Wakiridhiana kwa kumi, bei ni kumi, ingawa kitu chenyewe chastahili ishirini. Kima ni kile ambacho watu wajuzi wa kitu hukikadiria kwa kutazama vitu mfano wake sokoni. Mwenye kuharibu mali ya mtu, ikiwa haina mfano wa kurudishwa, hulipa kima chake, wala hatazamwi mwenyewe alinunua kwa ngapi.

Basi mwenye kuuliza, "Mbwa huyu ni kiasi gani?" hana budi aulize kwanza: Je, mbwa ni mali katika sharia? Kikiwa kitu si mali, hakina kima cha kukadiriwa, ijapokuwa wako watu walio tayari kutoa fedha kukipata. Mvinyo hununuliwa kwa fedha nyingi, wala Muislamu hamlipi Muislamu mwenziwe kima cha mvinyo aliomwaga.

MBWA YUPI HALALI KUMWEKA

Imepokewa katika hadithi sahihi, kwa njia ya Abu Huraira na ya Ibn Umar (R.A.), kwamba mwenye kuweka mbwa asiye wa mifugo, wala wa kuwinda, wala wa shamba, hupungua thawabu zake kila siku kiasi cha kirati, na katika riwaya nyingine, kirati mbili. Kwa hadithi hiyo wanavyuoni wamesema kuwa si halali kuweka mbwa kwa pumbao na fahari tu, ila kwa haja.

Na je, mlinzi wa nyumba na wa mali? Hakutajwa katika hadithi hizo. Lakini Imam Nawawi amesema kuwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhhabi yetu ya Shafii ni kuwa yajuzu, kwa kukisia juu ya wale watatu, maana sababu ni moja, nayo ni haja. Basi mbwa wa kulinda dagaa Kibirizi ni katika mbwa walio halali kuwekwa, maadamu ile haja ipo. Haja ikiondoka, na ruhusa huondoka nayo.

Wala asidhani mtu kuwa kiumbe huyu hana heshima yoyote mbele ya Mola wake. Katika Suratul Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia windo la wanyama waliofunzwa. Katika Suratul Kahf ametajwa mbwa wa wale vijana wa pangoni, aliyenyoosha miguu yake kizingitini. Na tumepokea habari ya mtu aliyemteremkia kisimani mbwa mwenye kiu, akamnywesha kwa kiatu chake, Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Kama kumnywesha maji kuna ujira, basi kumuua bure hakukosi hesabu.

KUMUUZA: KAULI ZA MAIMAMU

Imepokewa na Bukhari na Muslim, kwa njia ya Abu Masud al-Ansari (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza thamani ya mbwa, na ujira wa mzinifu, na malipo ya kuhani. Kwa hadithi hii Imam Shafii na Imam Ahmad wamesema kuwa kuuza mbwa ni batili, akiwa wa kuwinda au asiwe, akiwa mdogo au mkubwa. Mwenye kupokea fedha zake amepokea isiyo haki yake, na yampasa kurudisha.

Imam Abu Hanifa amesema yajuzu kumuuza, kwa kuwa ni mnyama mwenye manufaa yaliyoruhusiwa. Na wafuasi wake wamelichukulia lile katazo kuwa ni la zamani zile mbwa walipoamrishwa kuuawa, kabla ya kutolewa ruhusa. Ama kwa Imam Malik, kauli mashuhuri ni kuwa hauzwi. Lakini katika wanavyuoni wa madhhabi yake yuko Sahnun, aliyekuwa akisema kuwa yeye angemuuza na kuhiji kwa fedha zake. Ni neno la kuonyesha jinsi alivyoona ni halali safi.

Na iko riwaya iliyomtoa mbwa wa kuwinda katika lile katazo. Lakini Imam Nasai, ambaye ndiye aliyeitoa, mwenyewe ameikosoa. Kwa hiyo watu wa madhhabi yetu hawakuijenga hukumu juu yake.

MWENYE KUMUUA: JE, ALIPE?

Hapa ndipo penye fundo la swali letu, na kauli ni tatu.

Ya kwanza, kauli ya Shafii na Ahmad: halipi kima, kwa sababu mbwa si mali. Lakini kumuua mbwa mwenye manufaa ni haramu, na mwenye kuua apata dhambi. Tazama vizuri, ewe ndugu: kutolipa si sawa na kutokosa.

Ya pili, kauli ya Abu Hanifa: hulipa, kwa sababu kwake ni mali kama mali nyingine.

Ya tatu, kauli ya Malik: hauzwi, lakini mwenye kumuua mbwa aliye halali kuwekwa hulipa kima chake kwa mwenyewe, kwa kuwa amemwondolea manufaa yake. Mbwa wa bure, asiye na kazi, hana malipo.

Walioona kulipa wametaja habari ya Abdullah bin Amr (R.A.), kwamba alihukumu dirhamu 40 kwa mbwa wa kuwinda, na kondoo dume kwa mbwa wa mifugo. Dirhamu ya sharia ni karibu gramu 3 za fedha nyeupe, basi dirhamu 40 ni karibu gramu 119. Lakini wanavyuoni wa madhhabi yetu wamesema katika isnadi ya habari hiyo, hawakuiona yatosha kuwa hoja. Na hata kwa mwenye kuikubali, ile ni hukumu ya mbwa wale katika siku zile. Haikuwekwa iwe bei ya mbwa wote mpaka Kiyama.

Na je, wale wasemao alipwe, wakadirie vipi? Watazame mambo haya: kazi anayoiweza mbwa yule na mafunzo aliyonayo, umri wake, afya yake, na mbwa mfano wake hupatikana kwa ngapi katika mji ule. Waulizwe watu wawili waadilifu wenye ujuzi. Na kima ni cha siku aliyouawa. Bei ya miaka minne iliyopita haiingii, kwa sababu yule alikuwa mtoto asiyejua kulinda, na huyu ni mlinzi kamili. Na laiti angekuwa amezeeka, asingekuwa na kima cha ujana wake. Chakula hakiingii, kwani mwenyewe alimlisha ili apate manufaa yake, naye amekwisha kuyapata usiku kwa usiku. Na huzuni haiingii. Mapenzi ya mtu kwa mnyama wake ni kweli, wala hatuyadharau, lakini sokoni hakuna mizani ya kuyapimia. Hata farasi azizi na ngamia wa kupanda, ambao ni mali kwa maimamu wote, hukadiriwa kwa soko, wala hawakadiriwi kwa machozi.

Basi hata tukitoka katika madhhabi yetu tukaingia katika madhhabi iliyo nyepesi kwa mwenye mbwa, ile hesabu yake ya shilingi 300,000 haisimami.

HAKI ISIYO MALI

Sasa tuje kwa jirani aliyecheka. Yeye alisema mbwa hana thamani, na kwa madhhabi yetu amesema kweli. Kisha akafahamu kuwa kisicho na thamani hakina mwenyewe, na hapo ndipo alipopotea.

Wanavyuoni wa Kishafii wana neno "ikhtisasi". Maana yake ni haki ya mtu kuhusika na kitu peke yake, ingawa kitu hicho si mali yake. Mfano wake ni samadi ya ng'ombe: ni najisi, haiuzwi, lakini iliyo katika zizi langu mimi ndiye mwenye haki nayo zaidi, wala si halali kwako kuichukua bila idhini yangu. Na mbwa mwenye manufaa ni vivyo hivyo. Mwenye kumnyang'anya mtu mbwa wake yampasa kumrudisha, na kama kumrudisha kuna gharama, gharama ni juu yake. Mwenye mbwa akifa, warithi wake humshika mahali pake. Na yajuzu kumuusia mtu mbwa aliye halali kuwekwa.

Na kwa sababu hiyo wanavyuoni wetu wa baadaye wametaja mlango wenye wasaa. Mwenye mbwa yajuzu kuondoa mkono wake kwa mwenziwe, na mwenziwe akampa fedha kwa kule kuuondoa mkono, kama mtu aachiavyo wadhifa wake kwa mwingine kwa fedha. Hapo haikusemwa "nimekuuzia" wala "nimenunua". Zile fedha ni za kuacha haki, si za mbwa. Basi mwenye kuhitaji mbwa wa kulinda dagaa wake, asipompata wa bure, na apite mlango huu na aseme maneno yake. Wala asiufanye hila ya kufungua duka la mbwa.

YANAYOKADIRIKA NA YASIYOKADIRIKA

Mbwa mwenyewe, kwetu, hakadiriki. Lakini yako mengi pembeni yake ambayo ni mali au ni ujira, nayo hukadirika.

Mnyororo wake, na bakuli lake, na kibanda chake ni mali ya mwenyewe. Mwenye kuviharibu hulipa.

Ujira wa bwana mifugo aliyemchoma sindano ya kichaa cha mbwa ni halali kutoa na halali kupokea, kwani ni ujira wa kazi na wa dawa. Na jambo hili lisipuuzwe. Ugonjwa huo ukisha kudhihiri kwa mtu, ni nadra mno kupona. Mwenye kuumwa na mbwa na aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha akimbilie hospitali akachanjwe, asingoje. Mwenye kuweka mbwa asiyechanjwa amewaweka jirani zake katika hatari kwa ajili ya dagaa wake.

Dagaa aliyelambwa na mbwa naye ana hukumu yake: huoshwa mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Basi mlinzi na afungwe mbali na uanikaji, alinde kwa sauti yake, asilinde kwa ulimi. Mbwa wa mtu akiharibu dagaa wa jirani usiku, na mwenyewe amemwachia, hulipa. Kwani dagaa ni mali bila khilafu.

Ama mbele ya Serikali, njia ni nyingine. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania mnyama afugwaye huhesabiwa kuwa kitu kiwezacho kuibwa, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza kumtesa mnyama. Basi asidhani mtu kuwa akisema "kwetu hana thamani" amefungiwa milango yote ya mashitaka.

JIBU LA SWALI

Sasa twajibu, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

Kwa mwenye mbwa twasema: Katika madhhabi yako huna bei unayoweza kumlazimisha jirani yako. Zile 50,000 ulizitoa kwa mapatano yasiyosihi, kwa hiyo dai lako ni kwa yule aliyekuuzia, na dai hilo halimfikii jirani. Zile 150,000 ulizila kwa ulinzi wa miaka minne. Zile 100,000 za huzuni hakuna imamu aliyezipa mahali. Ukitaka kufuata kauli ya Imam Malik, usiitwae kwa kuwa yakupa fedha tu; muulizeni mwanachuoni nyote wawili na mridhie, kisha wajuzi wakadirie mbwa mlinzi mfano wake kwa bei ya Kibirizi ya siku ile, basi.

Kwa jirani twasema: Ulipompiga, je, alikuwa amekuvamia na huna njia nyingine? Mnyama mwenye kushambulia hufukuzwa kwa kilicho chepesi kwanza, kwa sauti, kisha kwa jiwe, kisha kwa fimbo. Na asipozuilika ila kwa kufa, hakuna lawama. Kama hivyo ndivyo, huna dhambi. Lakini kama alibweka tu kama mlinzi abwekavyo, na ungeweza kupita, basi umeua kiumbe mwenye manufaa bila haki. Rudi kwa Mola wako kwa toba, na mtake radhi mwenye haki naye. Na kumcheka ndugu yako katika msiba wake, ingawa ni msiba wa mbwa, ni kosa pekee.

Kisha unadaiwa kitu kimoja kwa yakini, bila khilafu ya madhhabi: mnyororo. Ule ulikuwa mali, nawe umeutupa ziwani. Mpelekee mnyororo mfano wake, au kima chake. Ni ajabu kwamba katika ugomvi wote wa shilingi 300,000 hakuna aliyeutaja mnyororo, nao ndio deni pekee wasilohitilafiana maimamu.

Na kwenu nyote wawili twasema: Haikuhalalishwa kwa Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Jirani na aende kwa mwenziwe na mnyororo mkononi, na pamoja nao atoe kwa hiari yake kiasi akiwezacho, si bei ya mbwa, bali ni hiba ya kuondoa kinyongo. Au amsaidie kulinda dagaa wake siku chache mpaka apate mlinzi mwingine. Hiba haina shaka, na mwenye kuipokea hala cha haramu. Naye mwenye mbwa na aipokee kwa uso mkunjufu, asihesabu imepungua ngapi katika zile laki tatu. Kisha warudi safu moja.

MUHTASARI WA SOMO

1. Mbwa halali kumweka kwa kuwinda, mifugo na shamba. Na kwa kauli sahihi zaidi, kwa kulinda nyumba na mali. Kwa pumbao tu hapana.

2. Kwa Shafii hauzwi wala hana kima. Kwa Abu Hanifa huuzwa na hulipwa. Kwa Malik, katika kauli mashuhuri, hauzwi lakini aliye halali kuwekwa hulipwa.

3. Kwa wenye kumkadiria, kima ni cha soko la siku ya kuuawa. Chakula kilicholiwa na huzuni ya mwenyewe havihesabiwi.

4. Kutokuwa na kima hakuondoi haki ya mwenye mbwa, wala hakuhalalishi kumuua.

5. Vyombo vya mbwa na ujira wa kumtibu ni mali, na vina hukumu ya mali.

Na mwenye kufundisha somo hili barazani na awaulize wanafunzi wake: Lau jirani angemchukua yule mbwa bila kumuua, akamlindisha dagaa wake mwezi mzima, ingempasa nini? Nao watafute jibu katika yale tuliyoyasema juu ya haki isiyo mali.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na atuepushe na ulimi wenye kuitumia dini kudharau haki ya jirani. Amin.